Milamula Sebuleni

Juzi bweni letu lilinuka. Wenzangu wakaanza kushutumiana soksi, kila mmoja akinusa za mwenzake na kuziacha zake, lakini mimi nilijua hata kabla sijainuka kitandani kwamba si soksi. Yalikuwa maji yaliyokaa. Ulikuwa udongo ulionyweshwa hadi ukachacha, harufu ya muhogo uliosahauliwa kwenye ndoo, yenye utamu kidogo kwa ndani, ule utamu wa kutia kichefuchefu. Nilikwenda moja kwa moja dirishani, kwenye kopo la ua la rafiki yangu Anitha, nikachungulia kisahani kilichokuwa chini yake. Sikukosea. Anitha hulimwagilia kila asubuhi akitoka kupiga mswaki, kwa mapenzi kabisa, na ua lenyewe lilikuwa limeanza kugeuka njano.

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini kama hamnijui, basi ndiyo mnaanza kunijua: mimi si mtu wa kuanza kusema. Nilirudi kitandani nikalala chali, na harufu ile ikanibeba hadi sebuleni kwetu Nyaishozi, nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao Mama alilazwa Bukoba na Mrefu akataka kufa.

Mrefu lilikuwa ua la Mama. Alikuja nalo kutoka kwao Muleba alipoolewa, likiwa fupi kama mtoto anayejifunza kusimama, na nilipopata akili lilikuwa limeshagusa silingi bodi na kuinamisha kichwa kama mgeni mrefu kwenye mlango mfupi. Shina lake lilikuwa jembamba, lenye pete pete za majani yaliyokwisha kuanguka, na juu kulikuwa na majani marefu ya kijani yaliyong'aa. Yaling'aa kwa sababu kila Jumamosi Mama alipanda kwenye kigoda na kuyapangusa moja moja kwa kitambaa chenye maji na tone la maziwa, huku akiimba nyimbo za kwaya yao ya Kilutheri. Chungu chake cha plastiki kiliwekwa ndani ya chungu kingine kikubwa cha kupendeza, chenye maua ya dhahabu, kisichokuwa na tundu hata moja. Hicho kishikeni.

Bibi, mama yake Baba, hakulipenda. Tuliishi naye, yeye na rozari yake na kiko chake kisichowashwa, na siku ya kwanza aliyoliona alisimama mlangoni, wanasema, akauliza, "Mkamwana, humu ndani tunagawana mpaka na nani?"

Mama alicheka. Bibi hakucheka. Kwa maana Mrefu, kwa yeyote aliyekulia Karagwe, alikuwa ndugu wa mlamula. Mlamula mnaufahamu: ule mti wenye majani kama ya mahindi, unaopandwa mpakani, kati ya kibanja cha huyu na kibanja cha yule, ili migomba ya watu isichanganyike na maneno yao yasianze. Ukikata tawi ukalichomeka ardhini linaota, hata ukilichomeka kichwa chini, alisema Bibi, litatafuta namna. Kuuweka sebuleni ilikuwa kama kuweka jiwe la kaburi mezani. Kwa hiyo miaka yote Bibi alikaa jikoni, kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Wageni wake wa jumuiya aliwakaribisha huko huko kwenye moshi. Mimi nilidhani hampendi Mama, kwa kuwa ni mtu wa Muleba, na Mlutheri, na anatia karoti kwenye ndizi.

Siku Mama alipoondoka, gari lilikuwa limeshawashwa. Alikuwa amekonda, akiushika ubavu wake kwa mkono kama mtu aliyeficha kitu kwenye nguo. Watu wazima waliniambia anakwenda kupumzika. Lakini nilikuwa nimesikia ukutani: kuna uvimbe tumboni, watafanya upasuaji, halafu watapima wajue ni uvimbe gani. Alipofungua kioo alinitazama mimi, si Baba.

"Koku, nitunzie Mrefu wangu. Kikombe kimoja Jumamosi, basi. Mkimwua sirudi, nakwambia! Naolewa huko huko Bukoba."

Watu wakacheka. Hata Baba, ambaye kucheka kwake ni kupandisha nyusi tu, alizipandisha. Mimi sikucheka. Niliyameza maneno yale mazima mazima, kama kidonge bila maji: Mrefu akifa, Mama harudi.

Kikombe kimoja Jumamosi. Nilimpa, nikimpimia hadi kwenye mstari wa bluu wa kikombe. Na bado baada ya muda, jani la chini likaanza kubadilika, kwanza nchani, kisha pembezoni, halafu lote, njano ya ndizi mbivu. Lilianguka usiku, asubuhi nikalikuta sakafuni. Nililificha chini ya godoro langu. Kisha likafuata la pili, na la tatu, na godoro likaanza kukwaruza.

Jambo la namna hiyo halifichiki. Bibi alikuja hadi mlangoni, akanyoosha shingo bila kuvuka kizingiti, akasema kwa huzuni ya mkulima, "Ana njaa huyo." Kesho yake nilipotoka shule nilikuta Mrefu amehudumiwa kama mgomba. Alikuwa amewekewa samadi ya ng'ombe, mbichi, na juu yake amefunikwa majani makavu ya mgomba, yakapangwa vizuri kuzunguka shina kama tunavyofanya kibanjani ili ardhi isikauke. Sebule ikanuka zizi. Mchungaji wa Mama alipokuja kutujulia hali alikaa ukingoni mwa kochi, akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia.

Mrefu akazidi njano.

Kisha nikashikwa na homa. Baba alinilaza kwenye kochi la sebuleni, akanifunika blanketi gubigubi, na kwa kuwa mimi ni mdogo wa mwili na sina tabia ya kugeukageuka, nadhani watu walinisahau. Nilikuwa nimeacha upenyo wa jicho moja.

Aliyeingia kwanza ni Bibi. Nasema aliingia, alivuka kizingiti, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maji aliyosuuzia maziwa. Alitazama nyuma kama mwizi wa kuku, akayamimina yote chini ya shina, taratibu, akiyaacha yanywewe.

"Kunywa, wewe mtu wa Muleba," akanong'ona. "Kunywa, mwana wangu. Usinitie aibu, waitu. Nani atanipikia ndizi na makaroti yake?"

Akapapasa jani moja kwa nyuma ya vidole, kama unavyopima joto la mtoto, akatoka.

Sijakaa sawa, akaingia Baba. Alikuwa ametoka dukani kwake, anakouza misumari na saruji, na alikuwa bado na vumbi jeupe kwenye nyusi. Alichukua jagi la maji ya kunywa juu ya meza, akamimina. Si kidogo. Akasimama. Akakinyoosha kitambaa cha kochi alichofuma Mama, akakikunja, akakinyoosha tena. Nilingoja aseme kitu kama Bibi. Alisema, "Haya," akaondoka.

Nikabaki na jicho langu moja. Homa inafanya mambo yaonekane makubwa, lakini hili lilikuwa kubwa hata bila homa. Niliteremka, nikafunua majani makavu, nikachomeka kidole. Kilizama chote. Harufu ikanipanda, ile ile ya juzi bwenini. Na nikakumbuka migomba yetu ya bondeni, ile iliyo karibu na kijito, inavyogeuka njano kila mvua zikizidi, na Bibi mwenyewe anavyoitikisia kichwa akisema, "Hii imelewa maji." Bibi alijua. Baba alijua. Ila kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayemwaga, na kila jani lilipoanguka kila mmoja aliongeza chake.

Sasa mtu mwingine angesema. "Jamani, acheni kumwagilia." Maneno matatu! Jioni ile tulipokaa kula niliyaweka mdomoni tayari. Nikamtazama Bibi. Ningemwambiaje kwamba nimemwona, nimesikia alivyomwita Mama mwana wangu? Na Baba je? Ingekuwa kama kuwafungulia mlango wakiwa wanaoga. Uso ukanichoma.

"Kula, mtoto," Bibi akasema. "Umetoa macho kama senene."

Nikala. Maneno yakashuka na maharage.

Lakini kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekiona msimu uliopita. Jirani yetu, Mzee Rwegoshora, alikuwa na jembe lisiloona vizuri: kila akilima, lilivuka kwetu mstari mmoja wa maharage. Bibi aligomba, yeye akagomba, hadi wazee wa kitongoji wakaja, wakapima kwa miguu, wakachomeka milamula. Hakuna aliyepiga kelele tena. Jembe la Mzee Rwegoshora likifika pale lilisimama lenyewe. Mimi niliutazama ule mti kwa wivu. Ulikuwa umesema, "Ishia hapo," bila kufungua mdomo. Nikajiambia, huo ndio mti wa watu kama mimi.

Niliiona pia milamula imezunguka kaburi la Babu nyuma ya nyumba. Lakini nilidhani huo ndio mpaka wa Babu, kuku wasije wakamparua.

Asubuhi ya Jumapili Bibi alikwenda misa ya kwanza. Baba alitoka na simu yake kwenda kule juu barabarani ambako mtandao unashika vizuri, kwa sababu ilikuwa siku ya kuambiwa majibu ya vipimo vya Mama. Hakusema hivyo, ila alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani, na viatu kavivaa kinyume, cha kulia kushoto. Nilibaki peke yangu. Nikachukua panga, nikaenda mpakani, nikakata matawi manne ya mlamula yenye majani yake. Nikachukua makopo ya rangi yaliyokwisha, nikayajaza udongo, nikachomeka tawi katika kila kopo, nikayapanga sakafuni kumzunguka Mrefu, kila pembe moja. Nikarudi nyuma kutazama. Palikuwa pazuri, nawaambia ukweli. Palikuwa na heshima. Mtu yeyote mwenye kibuyu au jagi angefika pale, angeelewa.

Nikakaa kwenye kochi kungoja waelewe.

Bibi aliporudi alikuja akihema, kitenge chake cha misa kimekaa upande. Njiani alikuwa amemwona Baba kwa mbali, amechuchumaa kando ya barabara, simu sikioni, mkono mwingine umefunika uso. Akafika mlangoni. Akaona Mrefu mwenye majani ya njano, katikati ya milamula mibichi, ndani ya nyumba.

Kitabu cha sala kilianguka kwanza. Kisha akaanguka yeye.

"Mawe! Mawe nyowe! Mama yangu wee! Mwana wangu! Wamemzika mwana wangu wasiniambie!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu ninayemjua. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akijipiga mapaja, akimlilia mtu wa Muleba. Aliyataja yote: mkono wake uliokuwa mwepesi wa kukanda mgongo, chai yake ya tangawizi, hata karoti. Na kwetu kilio hakikai ndani ya ukuta. Nilisikia milango ya majirani, nikasikia akina mama wakija mbio wakijifunga vitenge kiunoni, na Mzee Rwegoshora akitokea kwenye migomba, ameuruka mpaka wake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza.

Nilisimama juu ya kochi. Sijui nilipandaje. Nikapiga kelele, mimi, ambaye mwalimu wa darasa la tatu alikuwa hajui sauti yangu ikoje.

"Hajafa! Ni mimi! Nimeweka ili muache kumwagilia! Wewe unamwaga, Baba anamwaga, mimi namwaga! Amelewa maji!"

Kilio kikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Watu wote wakanitazama. Na ndipo Baba akaingia, macho mekundu, simu mkononi ikiwa bado hewani, na kutoka ndani ya simu sauti nyembamba ya Mama ikisikika chumba kizima:

"Nani amekufa huko? Nasikia kilio! Baba Koku! Ni Bibi? Jamani niambieni, ni Bibi?"

Baba alichuchumaa akamwekea Bibi simu sikioni.

"Uko hai?" Bibi akauliza.

"Niko hai, Mama. Nimekunywa uji. Wamesema uvimbe si mbaya. Kwani wewe uko hai?"

Bibi akafikiri kidogo. "Niko hai," akasema. "Nilikuwa nakulilia."

"Mimi?"

"Basi nimlilie nani? Ungesema mapema kwamba hujafa."

Sauti ya Mama ikacheka, kisha ikasema aa, mshono, msinichekeshe. Mzee Rwegoshora akavua kofia, akaivaa, akasema kwamba akija kilioni kwa watu huwa anapewa walau kikombe cha kahawa. Akapewa. Kwa mara ya kwanza Bibi aliwapa wageni wake kahawa sebuleni.

Mchana ule Baba alimbeba Mrefu hadi barazani, akamtoa kwenye kile chungu chenye maua ya dhahabu, akakiinamisha. Maji yalitoka ya kuogesha mtoto, ya kijani kibichi, na kuku walikimbia. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama tambi zilizolala. Bibi aliikata yote mibovu kwa kisu cha jikoni, akapaka majivu kwenye vidonda, akimlaumu Mrefu kana kwamba ndiye aliyekunywa kwa tamaa yake. Baba akatoboa ndoo kwa msumari wa moto, akachanganya udongo na mchanga wa dukani. Na Mama, tulipompigia tena, alitueleza jambo ambalo angetueleza mapema kama asingekuwa na haraka ya gari: gusa kwanza, udongo ukigandia kidole, muache.

Kisha ikaja kazi iliyo ngumu kuliko zote, ya kutofanya kitu. Nadhani hamjui jinsi ilivyo vigumu kumtazama mgonjwa bila kumpa chochote. Bibi akipita pale alifunga mikono nyuma. Baba alihamishia jagi jikoni. Milamula yangu ilibaki kwenye makopo, na ikakubaliwa kwamba anayeruhusiwa kuvuka ni mimi tu na kidole changu. Majani yaliendelea kuanguka hadi Mrefu akabaki fimbo yenye kishungi, na mimi nililala nikisikia godoro likikwaruza, kwa kuwa bado sikuamini simu. Simu inaweza kusema chochote. Mrefu ndiye angesema kweli.

Siku moja, nikimgusia udongo, niliona kitu kileleni. Kilikuwa kimesokotwa kama jani jipya la mgomba linavyotoka, kijani cha kung'aa, kirefu kama kucha. Sikuita mtu. Nilikaa nacho kwanza, kwangu peke yangu, halafu nikaenda jikoni nikamvuta Bibi kitenge.

Mama alirudi msimu wa kuanika kahawa, turubai zimejaa uani hadi akakosa pa kukanyaga. Alisimama mlangoni mwa sebule, mwembamba, shingo imetoka, akamtazama Mrefu mwembamba, shingo imetoka. Wakatazamana.

"Tumefanana," akasema.

Kisha akamwona Bibi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi, pembeni kabisa ya Mrefu, bega linagusa jani, rozari mkononi, kama vile amekaa pale tangu nyumba ijengwe.

"Karibu, mkamwana," akasema. "Tumekutunzia." Na akanitupia jicho la kunikataza kusema zaidi.

Milamula ile Bibi hakukubali itupwe, maana ilikuwa imeshaota mizizi ndani ya makopo. Aliipanda kando ya njia ya kuingilia nyumbani, miwili huku na miwili huku. Sasa inanipita urefu.

Nilikua nikiamini kwamba siku ile nilimwokoa Mama. Baadaye nikajua ni daktari. Nilichochelewa zaidi kukielewa ni kile nilichokiona kwa jicho moja chini ya blanketi. Kwetu hakuna anayesema "nimekukumbuka". Sijawahi kulisikia neno hilo nyumbani kwetu, wala sitegemei. Watu wa kwetu hubeba maji. Wanayaleta kimyakimya, mmoja mmoja, kila mtu akidhani mwenzake hajaleta. Na Bibi hakuwa amekimbia sebule kwa chuki. Aliogopa kukaa karibu na mti wa mipaka na makaburi, kwenye nyumba yenye watu anaowapenda, wala hakujua namna ya kulisema hilo kwa mkamwana anayecheka.

Siku ya wazazi iliyopita walikuja hapa shuleni wote watatu. Mama alinivuta kando akanisokomezea mfuko wa senene waliokaangwa, "usimwonyeshe Baba, atasema nakudekeza." Baba alinisindikiza kunawa mikono, akatoa mfuko mfukoni mwa koti, akasema, "Haya." Bibi alingoja hadi mwisho, akanishika kiganja akakifungia fundo la kitambaa, bado la moto kwa joto la mwili wake, na ndani ya fundo, bila shaka, senene.

Nilipokea yote. Sikumwambia yeyote juu ya mwenzake. Nilisema asante mara tatu, kwa sauti ya kusikika, na usiku ule tumbo likaniuma kwa shibe hadi nikacheka peke yangu gizani.

Kesho nitamwambia Anitha kuhusu ua lake. Nimeshayaweka maneno mdomoni.